Je, Wajua? Taa za Ziada za Magari, Kutoka Maua hadi Embu

Je, wajua kwamba kifungu kinachoweza kukufikisha kortini kwa sababu ya taa ulizofunga mbele ya pikapu yako hakihesabu taa? Ni kifungu cha 55 cha Sheria ya Trafiki, Sura ya 403 ya Sheria za Kenya. Kinataka gari na vifaa vyake vyote, taa na tairi zikitajwa waziwazi, viwe vimetimiza masharti ya sheria, na vitunzwe katika hali isiyoelekea kumhatarisha mtumiaji mwingine wa barabara wala abiria aliye ndani. Adhabu iko mbele kidogo, katika kifungu cha 58: faini isiyozidi shilingi 400,000, au kifungo kisichozidi miaka miwili, au vyote viwili. Hicho ni kiwango cha juu kabisa, na hakimu anaweza kutoza chini yake. Lakini kifungu hichohicho ndicho humwadhibu mwenye lori lililobeba kupita kiasi, na hapo unaona jambo hili limewekwa katika daraja gani.

Dereva akifika kwa fundi wa umeme wa magari pale Makutano mjini Meru, au kwenye gereji za Embu mjini, huuliza kwanza: taa ngapi zinaruhusiwa? Kuna kanuni zinazohusu idadi, rangi na mahali pa taa, na ni vyema kuzijua. Hata hivyo, kifungu cha 55 kinauliza jambo zito zaidi: taa yako inamfanyia nini yule anayekuja upande wa pili? Taa mbili zilizoelekezwa vibaya ni hatari kuliko nane zilizozimwa na kufunikwa. Mimi naamini swali hilo ndilo lenye haki, na ndilo lingefaa kuulizwa kila gereji kabla waya haujakatwa.

Je, wajua kwamba kuna kipimo cha kimataifa cha umbali ambao taa ya gari inapaswa kumulika? Mkataba wa Vienna wa 1968 kuhusu Usafiri wa Barabarani unataka fulu imulike barabara vizuri kwa angalau mita 100 mbele, usiku, hali ya hewa ikiwa safi. Dimu imulike angalau mita 40, bila kumwumiza macho dereva anayekuja. Mkataba huohuo unakataza taa nyekundu kuonekana mbele ya gari, na taa nyeupe kuonekana nyuma, isipokuwa ile ya kurudi nyuma. Nyekundu inamwambia mwenzako, "Huu ni mgongo wangu, ninakwenda mbele yako." Ukiifunga mbele kwa mapambo umemdanganya kuhusu upande unaoelekea.

Hebu tuzichukue hizo mita 40. Matatu na malori nchini Kenya hayaruhusiwi kuzidi kilomita 80 kwa saa. Kwa mwendo huo gari linakula mita 22 kila sekunde, kwa hiyo mita 40 zinakwisha kabla ya sekunde mbili. Anayetoka Runyenjes kwenda Chuka usiku, sehemu ndefu zikiwa hazina taa za barabarani, ana sababu ya kutamani mwanga zaidi. Mtembea kwa miguu aliyevaa koti jeusi, punda kando ya lami, bodaboda iliyoungua balbu ya nyuma: vyote hivyo vinajitokeza ghafla. Anayefunga taa za ziada mara nyingi anaogopa kumgonga mtu. Ubaya ni kwamba mwanga anaouongeza upande wake unaweza kumpofusha dereva wa upande wa pili, ambaye naye ana mtembea kwa miguu wake wa kumwangalia.

Halafu giza letu lina haraka. Ikweta inakata barabara ya Embu kwenda Meru kati ya mji wa Meru na Nkubu, na karibu na ikweta jua huzama likishuka wima. Tangu lizame mpaka mwanga wa jioni usitoshe kuendeshea gari ni kama dakika 21 tu. Saa yenyewe ya machweo haibadiliki sana mwaka mzima: Novemba jua linazama mnamo saa 12 na robo jioni, na Februari karibu saa 12 na dakika 45. Aliyeondoka Embu saa 12 jioni akidhani atafika Chuka kungali kweupe atajikuta anatafuta swichi ya taa kabla hajafika huko.

Je, wajua mapenzi yetu ya taa kubwa za mbele yalilelewa wapi? Kwa sehemu kubwa ni katika mbio za Safari. Zilianza mwaka 1953 kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, zikiitwa East African Coronation Safari. Zikaingia kwenye ubingwa wa dunia mwaka 1973, zikatolewa baada ya 2002, zikarudi 2021 huko Naivasha. Zile za zamani zilikuwa ndefu mno, za siku kadhaa, mchana na usiku, na zilifanyika barabara zikiwa wazi kwa kila mtu. Gari la mashindano lilipishana na basi, ng'ombe, na mama anayetoka sokoni. Ndiyo maana magari hayo yalifungwa vyuma vizito mbele ya bampa, safu ya taa kubwa, na mengine taa zilizochomoza pembeni mwa kioo cha mbele. Taa hizo ziliwashwa hata mchana, kwa kuwa kazi yake ilikuwa pia kumfanya dereva aonekane kutoka mbali katika vumbi. Vijana waliowashangilia akina Joginder Singh, mshindi wa 1965, 1974 na 1976, na Shekhar Mehta aliyeshinda mara tano, walirudi nyumbani wakitaka gari lenye sura ile.

Siku hizi mashindano hufanyika katika barabara zilizofungwa. Na lile shindano la kupita porini kusiko na njia, Rhino Charge, ambalo tangu 1989 huchangisha fedha za kulinda misitu yetu ya milimani, hupewa saa 10 za mchana. Magari yanayopita mahali pagumu kuliko yote nchini yanapapita jua likiwaka.

Gari lililo na haja ya kweli ya usiku, huku kwetu, ni la miraa. Miraa haina subira. Ikishachumwa Igembe, kemikali yake kuu, kathinoni, huanza kupungua nguvu, na baada ya saa 48 hivi bei imeanguka. Ndiyo sababu inafungwa kwa majani ya mgomba ili isinyauke, na ndiyo sababu pikapu zinatoka Maua kwa kasi kuelekea Nairobi kuwahi ndege za Uwanja wa Wilson. Uingereza ilipoipiga marufuku Juni 2014, na Somalia iliposimamisha kuinunua kuanzia Machi 2020 hadi Julai 2022, safari zilipungua. Soko la Somalia lilipofunguliwa, mbio zikarudi. Kila anayeishi kando ya barabara ya kutoka Maua anazijua pikapu hizo kwa taa zake kabla ya kusikia injini, na wengi hutoka kabisa kwenye lami kuzipisha.

Jambo ambalo nadhani halisemwi vya kutosha ni lile linaloipata taa gari likishapakiwa. Pikapu tupu hulala sawa. Pakia magunia nyuma mpaka springi zikae, na pua inanyanyuka. Taa zilizopangwa vizuri asubuhi gari likiwa tupu sasa zinaangalia juu. Kipimo kinachotumika sana kwa dimu ni kwamba mwanga ushuke sentimita moja kwa kila mita moja. Taa iliyo sentimita 70 kutoka ardhini, ikishuka hivyo, mwanga wake unagusa lami mita 70 mbele. Pua ikinyanyuka kwa kiasi hichohicho, sentimita moja kwa mita, mwanga haugusi lami kamwe. Unakwenda moja kwa moja kwenye kioo cha mwenzako, naye anakuwashia fulu akidhani una ujeuri, kumbe swichi yako iko kwenye dimu.

Na dawa yake mara nyingi imo ndani ya gari. Magari mengi yaliyotoka Japani yana kigurudumu kidogo upande wa kulia wa usukani, kimeandikwa namba kuanzia 0. Ukikizungusha kwenda namba ya juu, taa zinainama. Gari likiwa na dereva peke yake kinakaa kwenye 0. Likijaa watu na mizigo nyuma kinapandishwa. Kinapata vumbi miaka kumi bila kuguswa. Ukiwa na Probox au pikapu, kitafute leo. Baadhi ya madereva hukidhania ni cha kuongeza mwanga wa dashibodi.

Je, wajua kwamba dimu ya gari haimuliki sawa pande zote mbili? Simamisha gari mbele ya ukuta usiku utaona: mwanga umekatwa kama kwa rula, kisha upande mmoja unapanda kidogo kwa mshazari. Kwetu, tunaopita kushoto, unapanda kushoto, ili umwone mtembea kwa miguu aliye kando, huku upande wa kulia, anakotokea mwenzako, ukibaki chini. Gari lililotengenezewa nchi zinazopita kulia hufanya kinyume na humwelekezea mwanga machoni kila anayekuja. Hilo ni mojawapo ya manufaa ya kupata magari yetu Japani, ambako nako hupita kushoto. Kiwango cha KS 1515 cha mwaka 2000, kinachotumiwa na Shirika la Viwango la Kenya kukagua magari yaliyotumika kabla ya kuingia nchini, kinataka gari la usukani wa kulia. Ila taa ukiinunua peke yake, kutoka gari lililobomolewa sijui wapi, haina wa kuikagua.

Balbu za LED za kubadilisha zinastahili maneno zaidi. Balbu iliyotawala magari ya Kenya kwa miaka mingi ni H4, iliyobuniwa mwaka 1971. Ishike mkononi uitazame: ndani kuna nyuzi mbili, mmoja wa fulu na mmoja wa dimu, na chini ya ule wa dimu kuna kikombe kidogo cha chuma. Kikombe hicho ndicho kinachozuia mwanga usipande juu. Kioo cha kuakisi nyuma yake kimekokotolewa kwa uzi ulio mahali hapo hasa, kwa kipimo cha milimita. Ukiweka balbu ya LED ambayo vipande vyake vya mwanga havikukaa penye nyuzi hizo, kioo hakijui pa kuupeleka mwanga. Unamwagika kote, na sehemu yake kubwa inapanda juu. Dereva anafurahi kwa sababu karibu na bampa pamekuwa peupe pepe, ilhali mbali anakohitaji kuona pamepungua. Taa za LED zilizotoka kiwandani pamoja na gari hazina tatizo hilo, kwa kuwa zilibuniwa na vioo vyake.

Mwanga wenyewe una kikomo? Huko Ulaya na Japani kipo. Kanuni namba 48 ya Umoja wa Mataifa inasema fulu zote za gari zikiwaka pamoja zisizidi kandela 430,000. Ili ujue hiyo ni nguvu gani: ukisimama mita 100 mbele ya gari lenye mwanga huo, macho yako yanapokea zaidi ya mara 100 ya mwanga wa mbalamwezi. Kanuni hiyohiyo inataka dimu ya gari la kawaida ikae kati ya sentimita 50 na 120 kutoka ardhini. Macho ya dereva wa gari dogo yako kama sentimita 110 hivi. Sasa fikiria taa ndefu ya LED iliyolazwa juu ya keria, karibu mita mbili kwenda juu. Kuielekeza chini hakusaidii sana, kwani inamwaga mwanga wake kutoka juu ya kichwa cha mwenzako.

Jicho likishapigwa, kupona kwake kuna taratibu. Kuzoea giza kikamilifu huchukua dakika 20 hadi 30. Huna haja ya kungoja zote ili uendeshe, lakini sekunde chache za mwanzo ni upofu hasa, na kwa mwendo wa kilomita 80 sekunde tatu ni mita 66. Umri nao unachangia: mtu wa miaka 60 hupokea ndani ya jicho kama theluthi moja ya mwanga unaomfikia kijana wa miaka 20, na lenzi iliyoanza ukungu wa mtoto wa jicho huutawanya mwanga wa taa ukaenea uso mzima wa kioo. Mzee anayekwambia hawezi tena kuendesha usiku kwa ajili ya taa za siku hizi, mwamini.

Kuna mahali ambapo hata dimu halali huumiza. Barabara ya Embu kwenda Meru inakata mito mingi inayoshuka kutoka Mlima Kenya, nayo inazama bondeni na kupanda tena. Anayeteremkia daraja la Nithi na anayelipandia kutoka ng'ambo wanaelekezeana taa ana kwa ana, kila mmoja akiwa hana kosa. Daraja hilo lina historia ya majonzi. Julai 2022 basi lilitumbukia hapo na watu zaidi ya 30 wakapoteza maisha. Usiku, katika mabonde hayo, fulu ya ziada si ya kuwashwa hata kama huoni gari, maana litakalotokea kwenye kona litatokea likiwa karibu.

Je, wajua kwamba Marekani, nchi yenye pikapu nyingi zilizopambwa kwa taa, ina jibu rahisi kwa suala hili? Jimbo la California linaruhusu hadi taa nane za kutumia nje ya barabara kuu. Masharti: ziwe na waya zake peke yake, mbali na taa nyingine zote, na gari likiingia barabara kuu zizimwe na zifunikwe kwa kifuniko kisichopitisha mwanga. Ningependa sana kuona desturi hiyo kwetu. Mwenye shamba Tharaka au Mbeere anayetafuta ng'ombe usiku kwenye vichaka ana haki ya taa zake, na kifuniko cha turubai gumu fundi yeyote wa viti vya magari anaweza kukishona.

Fundi mwema hufanya jambo jingine pia. Taa mbili za wati 55 kwenye betri ya volti 12 huvuta ampea 9 hivi, na waya mwembamba uliopachikwa moja kwa moja kwenye betri unaweza kuyeyuka na kuwasha moto. Kwa hiyo anaweka fyuzi karibu na betri, anapitisha mkondo kwenye rilei, na waya mdogo wa kuiamuru rilei anautoa kwenye fulu ya gari. Hapo ukishusha kwenda dimu, taa za ziada nazo zinazima palepale, bila mkono wako kutafuta swichi nyingine. Kazi hiyo haichukui muda mrefu, na ndiyo inayotenganisha taa ya msaada na taa ya ugomvi.

Ukungu nao una imani zake. Wanaopanda Timau kuelekea Subuiga asubuhi ya Julai wanaujua, na wengi hununua taa za njano wakiamini njano hupenya ukungu. Ufaransa iliamini rangi hiyo kiasi cha kulazimisha taa za mbele ziwe za njano kuanzia miaka ya 1930 hadi 1993. Lakini matone ya ukungu ni makubwa mno kuweza kuchagua rangi. Njano na nyeupe hurudishwa karibu sawa. Kinachosaidia ni taa kuwa chini na kumulika kwa upana. Kwa magari madogo, Kanuni 48 inaweka taa za ukungu kati ya sentimita 25 na 80 tu kutoka ardhini. Fulu na taa za juu ya keria, katika ukungu, hukurudishia ukuta mweupe usoni.

Hapohapo karibu na Subuiga kuna kitu cha fahari. Chini ya barabara ya Nanyuki–Meru imejengwa njia ya ndovu, iliyokamilika mwishoni mwa 2010, ya kwanza ya aina yake Afrika. Inawawezesha kutoka msitu wa Mlima Kenya kwenda Ngare Ndare na Lewa bila kukutana na taa za lori. Ndani ya Hifadhi ya Meru, iliyotangazwa 1966, mgeni haruhusiwi kuendesha gari usiku. Kwenye hifadhi za binafsi ambako matembezi ya usiku yapo, waongozaji wengi huweka kichujio chekundu kwenye taa ya kumulikia, kwa kuwa macho ya wanyama wengi hayasumbuliwi sana na nyekundu. Mnyama aliyepigwa fulu husimama palepale katikati ya barabara. Haoni pa kukimbilia.

Nani anakagua haya yote? Magari ya abiria na ya biashara hupelekwa kila mwaka kwa ukaguzi wa Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama, NTSA, iliyoundwa kwa sheria ya 2012. Gari la kibinafsi kwa kawaida halifiki huko. Mwaka 2025 serikali ilitoa rasimu ya kanuni za kuyaleta kwenye ukaguzi magari ya kibinafsi yaliyozidi miaka minne, na wananchi wakaitwa kutoa maoni.

Kwa sasa kipimo cha nyumbani ni ukuta, chaki na futi ya kupimia. Egesha mahali tambarare, mita 10 kutoka ukutani, tairi zikiwa na upepo sawa na gari likiwa na mzigo unaobeba siku zote. Pima urefu wa katikati ya taa kutoka ardhini, uuchore ukutani, kisha shuka sentimita 10 uchore mstari mwingine. Washa dimu: ukingo wa juu wa mwanga ukae kwenye mstari wa chini. Ukipita juu, fungua boneti, utakuta skrubu za kurekebisha nyuma ya kila taa, moja ya juu na chini, nyingine ya kushoto na kulia. Anza na ya juu na chini, robo mzunguko kwa wakati mmoja.